Nyumba Iliyojibu Hodi

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa sababu hiyo ukoo wetu mzima unaamini kwamba chochote chenye waya kinanihusu. Pasi ikifa, niitwe. Redio ya mjomba ikianza kukoroma, niitwe. Shangazi mmoja aliwahi kuniletea kitanda chake cha chuma akidai kinampiga shoti, na ilinichukua mchana mzima kumwonyesha kwamba ni springi zinazomchoma. Nimewaeleza mara nyingi kuwa ninafundisha sheria za umeme ubaoni, kwa chaki, na kwamba chaki haijawahi kumrusha mtu, lakini hawanisikii. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa alipotuma maboksi kwa basi kutoka Dar es Salaam, hakuuliza kama naweza. Alipiga simu tu akasema, "Dada, mzigo wa nyumba ya mama umefika stendi. Kauchukue, uufunge. Maelezo yote yamo ndani."

Maelezo yalikuwemo kweli, yote kwa Kichina, pamoja na picha ya mtu aliyeshika bisibisi huku anatabasamu. Nilimchukia mtu yule tangu ukurasa wa kwanza.

Habari ya mama ndiyo ianze, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa kwa nini sikuyarudisha maboksi stendi. Mama aliishi Rutamba kwenye mikorosho yake, na tangu baba afariki aliishi peke yake, kwa hiari yake na kwa ubishi wake. Masika yalipoanza aliteleza nyuma ya jiko akaumia nyonga. Alilala pale chini tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja kuazima chekeche. Jirani akapiga hodi, akasikia "karibu" inatokea nyuma ya jiko, akazunguka, akamkuta. Mama huisimulia habari hii kama kichekesho, kwa sababu anasema jambo la kwanza alilomwambia jirani ni mahali chekeche lilipo. Watu hucheka sana. Mimi sijacheka hata mara moja. Kila nikiisikia, nafikiri kwamba jirani yule angeweza kuwa hana unga wa kuchekecha siku ile.

Tukamhamishia Mitwero, ukingoni mwa mji wa Lindi, kwenye nyumba ambayo kaka aliijenga kwa ajili ya uzee wake mwenyewe. Kwangu Mtanda, mjini kwenyewe, alikataa katakata, maana huko kuna mkwe, na mama anasema hawezi kukohoa kwa raha mbele ya mkwe. Usiku alilala naye mpwa wetu anayesomea uuguzi. Mchana kutwa alibaki na kuta. Naye alikubali kuja kwa sharti moja tu, akalisema mbele yetu sote huku amekaa kitandani hospitalini.

"Nitakaa mpaka korosho zianze kudondoka," alisema. "Nyumba ikinizoea, nitabaki. Isiponizoea, narudi Rutamba, na asinishike mtu mguu."

Tulijua anamaanisha. Mama akisema atarudi, hurudi. Nami nilijua kwamba akirudi, siku moja ataanguka tena, na siku hiyo hakuna atakayetaka chekeche. Basi tulikuwa na miezi ya kuifanya nyumba imzoee. Kaka, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi yenye milango inayojifungua yenyewe, aliona kwamba kinachokosekana ni mitambo.

Ndani ya maboksi kulikuwa na kisanduku cheupe ambacho ndicho kinachofikiri. Sisi tukakiita ubongo. Halafu kulikuwa na vibao vitatu vya vitufe, kila kimoja na kioo chake kidogo cha kuonyesha maandishi: kimoja cha mlangoni, kimoja cha sebuleni chenye kamera, kimoja cha pembeni mwa kitanda cha mama. Kile cha kitandani kilikuwa na kitufe kikubwa chekundu. Akikibonyeza, simu zetu zote zingepiga kelele, yangu Mtanda na ya kaka Dar. Kitufe kile ndicho pekee nilichokipenda. Vingine vilikuwa vya kuwasha taa na feni na kufungua mlango bila kuinuka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyaya nne. Nyekundu na nyeusi zinabeba umeme, ya njano na ya kijani zinabeba maneno. Nyaya hizo zinatoka kwenye ubongo, zinapita kibao cha mlangoni, zinakwenda cha sebuleni, zinaishia chumbani kwa mama, vibao vyote juu ya mstari mmoja. Na kila kibao lazima kipewe namba yake, ili ubongo ujue ni nani anayezungumza. Rahisi kabisa. Ningeweza kuichora ubaoni kwa dakika chache na darasa lote likaelewa.

Nilipomaliza kufunga, vioo vyote vitatu viliandika HAKUNA MAWASILIANO. Maneno hayo nilikuwa nimeyaingiza mwenyewe kwa Kiswahili, kwa bidii, kwa hiyo mashine ilinitukana kwa maneno yangu. Nikakuta nimebadilisha njano na kijani. Nikazirekebisha. Sasa mawasiliano yakawepo, tena mengi kupita kiasi, maana kibao cha mlangoni na cha kitandani nilikuwa nimevipa namba moja. Mama akiwasha feni ya chumbani, kitasa cha mlango kinafyatuka. Mtu akifungua mlango, feni ya mama inaanza kuzunguka. Wanafunzi wangu wangeniona siku ile, wote wangehamia historia.

Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi lake katikati ya sebule, jamvi alilotoka nalo Rutamba na alilokataa kulibadilisha na makochi ya kaka. Alinitazama nikipanda na kushuka ngazi.

"Mwalimu," alisema. Ananiita hivyo akiwa ananidhihaki. "Swichi ilikosa nini?"

"Mama, hii ni ya kukusaidia usiinuke inuke."

"Nisipoinuka, nyonga itapona vipi?"

Nikapanda ngazi tena, na mtu wa kwenye picha akaendelea kutabasamu.

Hatimaye kila kitufe kikafanya kazi yake. Ndipo tulipofika kwenye tatizo halisi, ambalo halikuwemo kwenye maelezo, wala nadhani huko vilikotengenezwa hawalijui. Kibao cha mlangoni kilikuwa na spika. Mtu akikaribia, sauti ya mwanamke mkavu inasema, "Ingiza namba ya siri." Mama aliisikia mara moja tu.

"Hata salamu?" aliuliza. "Mtu katoka kwake na jua lote hili, anafika mlangoni kwangu, anaambiwa 'ingiza'? Huyo binti kalelewa na nani?"

Nikasema sawa, tutaifundisha adabu. Nikarekodi sauti yangu mwenyewe ikisema "Shikamoo," maana wengi wa wageni wa mama niliowatarajia ni watu wazima. Mgeni wa kwanza akawa mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Nyumba ikamwamkia. Mtoto alisimama kidogo, akajibu "Marahaba, hujambo?" akachukua chumvi akaondoka. Baadaye mchana ule nilikuta msururu wa watoto wa mtaa mzima mbele ya mlango. Kila mmoja alikuwa anasogea, anapewa shikamoo yake, anaitikia kwa sauti nzito, anarudi nyuma ya mstari. Mdogo wao hajaota meno ya mbele. Mama alitoka na bakora yake akawatawanya, kisha akanigeukia mimi.

"Nyumba yangu inawaamkia watoto," alisema. "Nikifa leo, watu watasema nini?"

Shikamoo nikaifuta. Nikaweka "Asalaam aleykum," ambayo haina umri. Hapo mama alitulia. Kuhusu adabu tu, lakini. Nyumba yenyewe ilikuwa bado haijamzoea, na nilianza kuona kwa nini.

Mitwero tulipo sisi ni viwanja vipya. Kila mtu amejenga ukuta, ameweka geti, anatoka asubuhi na kurudi jioni. Rutamba mlango wa mama ulikuwa unapigiwa hodi tangu kunakucha: huyu anataka moto, yule kaleta boga, mwingine hana shida yoyote ila kapita. Hapa siku nzima inaisha na hakuna aliyeita. Na wachache waliokuja hawakuigusa kengele ya kaka. Kulikuwa na kitufe kizuri mlangoni chenye picha ya kengele, kikashika vumbi. Watu wa huku hawabonyezi ukuta. Wanasimama, wanaita hodi, wanangoja, wanaita tena, wanaita ya tatu, na wasipojibiwa wanakwenda zao, maana hodi ya nne ni utovu wa adabu.

Siku moja mama jirani wa nyumba ya pili, Mmakonde wa Newala anayeuza makopa ya muhogo na maandazi, alileta sahani ya maandazi ili wajuane. Mama alikuwa uani. Aliisikia hodi ya kwanza akajibu, lakini sauti haikufika mbele. Akaanza safari yake ya bakora. Ya pili ilimkuta jikoni. Ya tatu ilimkuta sebuleni. Alipofungua mlango aliona mgongo wa jirani unaishia kona, na sahani mkononi. Mimi nilifika baadaye nikamkuta amekaa kwenye jamvi anajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nyumba hii haisikii," alisema.

Iliniuma mno. Nilikasirika na kaka, nikakasirika na kuta, nikakasirika na yule wa kwenye picha, na katika hasira ile nikapata wazo ambalo mpaka leo najivunia, ingawa mume wangu husema ningelala nalo usiku mmoja kwanza. Kibao cha mlangoni kilikuwa na spika na pia kilikuwa na sikio, kipaza sauti kidogo kwa pembeni. Nikauagiza ubongo hivi: kati ya asubuhi na alasiri, ukisikia mtu anaita kwa sauti mlangoni, usimwombe namba yoyote. Mjibu kwa sauti ya mama, ufungue kitasa.

Kumrekodi mama kulikuwa shughuli. Nilimshikia simu mdomoni nikamwambia, "Sema karibu." Akanitazama.

"Nimkaribishe nani?"

"Mgeni, mama. Jifanye yupo."

"Siwezi kumkaribisha mtu ambaye hakupiga hodi. Toka nje, upige."

Nikamwachia simu inarekodi, nikatoka nje, mwalimu mzima mwenye shahada, nikasimama juani nikaita hodi kwenye nyumba niliyotoka ndani yake. Mara ya kwanza hakuridhika. Alisema naita kama mdai. Mara ya pili akajibu kama anavyojibu siku zote, kwa sauti iliyopanda mwishoni: "Karibu! Karibu ndani, kaa, nakuja!" Nikaihifadhi. Nikarudi Mtanda nimejaa furaha, na kesho yake nikaenda kufundisha kwa moyo mweupe.

Nilipopita Mitwero baada ya vipindi, nilikuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani, sebule ilikuwa imejaa watu wamekaa kimya, mikono magotini, kama wanangoja daktari. Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda msibani mtaa wa nyuma, na akarudishia mlango kama tulivyomfundisha.

Wa kwanza kuingia, nilivyoelezwa, ni muuza samaki. Alikuwa anapita na baiskeli yake anatangaza vibua, na nyumba ikamjibu kwa sauti ya bibi, "Karibu! Karibu ndani, kaa, nakuja!" Kitasa kikafyatuka. Akaingia na tenga lake. Akakaa. Akangoja.

"Sasa ukaona kimya, si ungeondoka?" nilimuuliza.

"Ningeondokaje, mwalimu?" alisema, kwa mshangao wa kweli. "Bibi kasema anakuja."

Samaki, kwa busara, alikuwa amewaweka kwenye friji. Kisha mama jirani wa makopa alikuja kumtafuta muuza samaki, akaita hodi, akakaribishwa. Naye akakaa, kwa kuwa bibi anakuja. Mwingine akaja kuuliza kama hapa ndipo kuna msiba, maana aliona viatu. Akakaribishwa na sauti iliyochangamka kuliko alivyotarajia, akakaa, akaanza kutoa pole kwa muuza samaki. Na katikati yao wote, juu ya kochi la kaka ambalo lilikuwa bado limevaa nailoni ya dukani, alikuwa amelala mbuzi. Alilia mlangoni, akajibiwa, akaingia. Hakuna aliyemfukuza, kwa sababu kila mmoja alidhani ni wa nyumba hii.

Mama alirudi muda si mrefu. Alisimama mlangoni na bakora yake, akawatazama wageni mmoja mmoja, akamtazama na mbuzi. Nilijiandaa kugombezwa. Sijui nieleze vipi uso wake, ulifunguka wote. Akatia chunguni maji ya ugali, akaagiza vibua vitoke kwenye friji, akamsuta yule aliyekuja msibani kwa kuja na uso mkavu. Wote wakala pale. Mbuzi alipewa maganda, kisha akatolewa kwa heshima.

Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo hivyo. Nyumba ilimkaribisha kila mwenye sauti. Ilimkaribisha fundi cherehani anayepita akipiga kelele za mkasi, ilimkaribisha jogoo, ilizikaribisha ngurumo za mvua moja ya ghafla, mpaka mlango ukafunguka wenyewe na sebule ikalowa. Mama hakujali. Kitufe chekundu cha kitandani alikigeuza kigingi cha kutundikia tasbihi yake. Alianza kuwajua watu kwa watoto wao na magonjwa yao. Nami nikakuta naitwa mtaani "mtoto wa bibi wa karibu ndani."

"Mwalimu," aliniambia siku moja, na safari hii hakuwa ananidhihaki, "nyumba imeanza kunizoea."

Nilirudi Mtanda nikiimba barabarani.

Lakini Dar kulikuwa na mtu mwenye simu. Kila mlango ulipofunguka, simu ya kaka ilipata ujumbe: MLANGO UMEFUNGULIWA. Ilipata ujumbe akiwa kikaoni, ilipata akiwa msikitini, ilipata akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Mwisho akafungua picha ya kamera ya sebuleni, na kwa bahati mbaya ilikuwa siku ambayo mbuzi alikuwa amerudi.

"Dada," alisema kwenye simu, polepole, "kwenye kochi langu kuna mbuzi."

"Ni mgeni."

"Na yule mwanaume anayekula mbele ya televisheni ni nani?"

"Muuza samaki."

"Televisheni haipatikani bure, dada! Mwizi naye akisema hodi?"

"Mwizi gani anasema hodi, kaka? Akishasema hodi na kula ugali wa mama, ataiba saa ngapi?"

"Wewe hujui dunia ilivyo."

"Na wewe hujui mama alivyo!" nikasema, nikakata simu, halafu nikajuta kwamba sikuongeza lingine, maana nilikuwa nalo.

Yeye hakugombana tena. Alifanya vibaya zaidi: akaingia kwenye ubongo kwa simu yake, akiwa huko huko Dar, akaifuta sauti ya mama, akafunga kitasa, akarudisha namba ya siri. Akanitumia ujumbe mmoja tu: "Usalama kwanza, dada." Nami sikuweza kuutengua uamuzi wake, kwa sababu funguo kuu alijiwekea mwenyewe.

Watu walikuja, wakaita hodi mara tatu, wakasikia kimya, kisha sauti ya yule mwanamke mkavu ikawaambia waingize namba. Wakaondoka. Mama alikuwa anafika mlangoni kila mara amechelewa, anaiona migongo. Baada ya siku chache hakuna aliyeita tena. Muuza samaki alinisimamisha njiani akaniuliza kwa sauti ya chini wamemkosea nini bibi. Nilipompigia kaka kumweleza hayo alisema watu watazoea. Nilimwambia sio wao wanaotakiwa kuzoea, akasema yuko kikaoni.

Na korosho zikaanza kudondoka. Binamu yetu wa Rutamba ndiye aliyepiga simu kumwambia mama, kama habari njema, na sikuwahi kuzichukia korosho kama siku ile. Mama hakubishana na mtu. Alilikunja jamvi lake akalifunga kamba. Akapanga kapu. Akaagiza pikapu ije Jumamosi asubuhi.

Jumamosi nilikwenda Mitwero na plaizi. Sikwenda na hoja, hoja zilikuwa zimekwisha. Nilimsalimia mama, nikaliona jamvi lile limesimama pembeni mwa mlango na kamba yake. Nikatoka nje, nikakifungua kibao cha mlangoni, nikakata waya nyekundu, nyeusi, njano na kijani, zote nne kwa mkupuo. Kibao nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Nilijua vizuri kwamba mstari ni mmoja na unaanzia pale, na kwamba nimevizima vibao vyote. Sikujali. Simu yangu nikaizima vilevile, maana nilijua atakayepiga, na nilikuwa na maneno ambayo hayafai kusemwa mbele ya kapu la mama. Shimo kilipotoka liko mlangoni mpaka leo, nimelifunika kwa tepu.

Pikapu ilifika. Tukaanza kupakia. Ndipo hodi ya kwanza ilipoitwa.

Mama jirani wa makopa ndiye aliyeita, amesikia bibi anaondoka, kaja kumuaga. Mama alikuwa karibu na mlango safari hii, akajibu mwenyewe. Mtu aliyekuja kukuaga humwachi akasimama. Basi akakaa, chai ikawekwa. Kabla hajamaliza kikombe akaja muuza samaki. Kisha fundi cherehani. Kisha yule wa msibani, ambaye siku hizi hucheka. Kila mama aliposhika bakora aende kwenye gari, hodi nyingine inaitwa, na huwezi kupanda gari huku mtu anakupigia hodi. Dereva alianza kwa kulalamika, akakaribishwa ndani, akapewa sahani. Adhuhuri ikapita. Wageni walikaa kwenye makochi na sakafuni, maana jamvi lilikuwa limefungwa. Mlango tuliufunga ili mbuzi asiingie.

Alasiri tukasikia gari linafunga breki kwa nguvu nje.

Sikujua wakati ule, lakini asubuhi nilipokata zile nyaya, simu ya kaka ilikuwa imeandika HAKUNA MAWASILIANO. Kamera hakuna, vibao hakuna, kitufe chekundu hakuna. Akanipigia mimi, nimezima. Akampigia mama, simu yake iko ndani ya kapu chini ya khanga, imeisha chaji. Akilini akamwona mama amelala chini, kama kule nyuma ya jiko la Rutamba. Akaingia kwenye gari lake na shati la nyumbani na ndala, akaendesha kutoka Dar mpaka Mitwero, na nadhani hakusimama hata kunywa maji.

"Hodi!" aliita. Sauti yake niliitambua papo hapo.

Mama alikuwa amekaa upande wa jikoni. Alijibu kama anavyojibu siku zote. "Karibu! Karibu ndani, kaa, nakuja!"

Yalikuwa maneno yale yale ambayo kaka aliyafuta kwenye ubongo. Kisha akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi. "Hodi! Mama!"

"Karibu! Karibu ndani, kaa, nakuja!"

"Siitaki mashine!" kaka akapiga kelele. "Namtaka mama! Mama yuko wapi? Dada! Mama yuko wapi?"

Sauti ilimkatika hapo. Mara ya mwisho kuisikia imekatika vile ilikuwa siku tulipomzika baba. Hasira yangu yote iliniishia mara moja, nikainuka nikafungue, lakini mama alinishika khanga.

"Kaa," alisema. "Hodi kanipigia mimi."

Akaishika bakora. Dereva akataka kumsaidia, mama akamtazama, dereva akakaa. Alipita kati ya wageni, na wote waliondoa miguu. Bakora iligonga kwenye vigae, ikagonga tena, na nadhani kaka huko nje alikuwa anaisikia. Hodi ya tatu hakuiita. Mama alifika, akavuta mlango, akamkuta mtoto wake wa kwanza amesimama na ndala zake, kitambi chake, na machozi mpaka kidevuni.

"Si nimekwambia nakuja?" alisema mama.

Kaka alipiga magoti pale pale kwenye viatu vya wageni, akasema shikamoo. Akaitikiwa. Akaulizwa kama amekula. Muuza samaki alijifuta macho hadharani bila aibu, na mimi pia.

Alipokwisha kula, mama alimwonyesha pikapu nje. "Korosho zinadondoka," alimwambia, "na mimi nina wageni. Gari lipo, dereva ameshiba. Nenda wewe." Kaka akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kupanda mbele pamoja na dereva, na ndala zake za Dar, kwenda kuokota korosho Rutamba.

Mama alingoja mpaka gari likapinda kona. Kisha akalifungua jamvi kamba, akalitandika mahali pake, na akamwambia muuza samaki asogee kidogo.